Santuri, Sidii na Swali la Matini: Uhamishaji wa Sauti katika Historia ya Fasihi ya Bonde la Ufa na Pwani

Utangulizi

Mnamo mwaka 1950, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyekuwa na makao yake Afrika Kusini, alifika Kapkatet, katika iliyokuwa Wilaya ya Kericho, akiwa na vyombo vya kunasia sauti. Miongoni mwa nyimbo za Wakipsigis alizozirekodi huko zilikuwamo tatu zenye jina moja, Chemirocha. Kwa maelezo ya Tracey, jina hilo lilikuwa matamshi ya wenyeji ya jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimekwisha kufika katika vijiji hivyo. Sauti ya mtu asiyeonekana ilitoka ndani ya sanduku la gramafoni. Wasikilizaji wakampa mwenye sauti hiyo umbo, nusu mtu na nusu swala. Hivyo santuri ilizaa wimbo, na wimbo huo nao ukageuka kuwa santuri. Miaka zaidi ya sitini baadaye, sauti zile zilirejeshwa Kapkatet zikiwa katika umbo la kidijitali, kwa ushirikiano wa Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika ya Chuo Kikuu cha Rhodes na shirika la Ketebul Music la Nairobi. Baadhi ya watu walioshiriki katika rekodi za mwaka 1950 walikuwa bado hai, wakasikia upya sauti za ujana wao.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama habari ya kupendeza. Makala haya yanakichukulia kuwa tatizo la uhakiki wa matini. Madhumuni yake ni kuonyesha kwamba kuhamisha santuri kwenda kwenye faili za kompyuta na sidii ni tendo la uhariri, sawa na kazi ya mhariri aliyenakili diwani kutoka hati za Kiarabu hadi hati za Kirumi. Kila anayehamisha huchagua kinachobaki na kinachoachwa, na uamuzi wake huwa sehemu ya matini atakayoirithi msomi wa kesho. Kwa kuwa wasomi wengi wa fasihi simulizi na wa ushairi ulioimbwa hivi leo hunukuu nyimbo za zamani kutoka kwenye sidii na faili, bila ya kuiona santuri yenyewe, ni muhimu kuuliza wanachokinukuu hasa ni nini.

Swali hili lina uzito wa pekee Njoro. Ng'ambo ya misitu ya Mau ndiko kuliko Kapkatet, na ndiko kuliko mji wa Kericho, ambako A. P. Chandarana aliendesha duka na studio iliyokuwa miongoni mwa vituo vikuu vya santuri nje ya Nairobi. Kwa hiyo sehemu ya historia inayozungumziwa hapa ilitukia mlangoni pa wasomi wa Bonde la Ufa, na baadhi ya ushahidi wake ungali umewekwa makabatini na darini katika nyumba za watu wa kawaida.

Santuri katika Afrika Mashariki: Muhtasari wa Kihistoria

Historia ya santuri za Kiswahili haiwezi kuelezwa bila ya Siti binti Saad. Mwaka 1928, Siti na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya Gramophone, iliyouza santuri zake kwa alama ya His Master's Voice. Santuri hizo zilikuwa za shelaki, nzito na rahisi kuvunjika, zenye kuzunguka takriban mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua kama dakika tatu tu. Inafaa kukumbuka kwamba mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukutana na Siti kwanza katika nathari, kupitia wasifu alioandikiwa na Shaaban Robert. Kwa vizazi kadhaa vya wasomaji, sauti ilijulikana kwa sifa zake zilizoandikwa, nayo yenyewe haikusikika.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Nairobi ikawa kitovu cha biashara hiyo. Fundi Konde, mzaliwa wa pwani aliyetumikia jeshi kama mtumbuizaji wakati wa vita, alirekodi nyimbo za gitaa za Kiswahili zilizopendwa mno katika miaka ya 1940 na 1950. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilizindua santuri ya vinili ya mizunguko 33 na theluthi, na mwaka uliofuata RCA Victor ikatoa ile ndogo ya mizunguko 45. Hii ndogo ndiyo iliyotawala Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1960: ilikuwa ya bei nafuu, nyepesi, na ilibeba wimbo mmoja kila upande. Studio ya Equator, chini ya Charles Worrod, iliwarekodi wasanii kama Fadhili William na Daudi Kabaka. Mombasa ilikuwa na lebo ya Mzuri ya duka la Assanand, iliyohifadhi sehemu kubwa ya taarabu ya Mvita. Tanzania Bara, bendi nyingi zilirekodiwa katika kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo zilizopata bahati ya kuwa santuri aghalabu zilifyatuliwa Kenya.

Bonde la Ufa liliingia katika historia hii kwa njia yake. Reli, mashamba ya walowezi kama Delamere na Egerton katika eneo la Njoro, na mashamba ya chai ya Kericho, yalikusanya wafanyakazi wa lugha nyingi: Wakipsigis, Wakikuyu, Wajaluo, Waluhya, Wakisii na wengineo. Shule ya Kilimo iliyoanzishwa Njoro mwaka 1939, ambayo ilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 1987, ilizaliwa katika mazingira hayo hayo. Mfanyabiashara wa santuri aliyefungua mlango wake Kericho alikuwa na wateja wa lugha hizo zote. Ndiyo maana katika studio ya Chandarana ziliwahi kurekodiwa nyimbo za benga za Kijaluo pamoja na za Kikipsigis, Kiluhya na Kiswahili, na mtindo wa gitaa ukavuka mipaka ya lugha kwa urahisi ambao maandishi hayakuwahi kuupata.

Kaseti ndiyo iliyoiondoa santuri. Katika miaka ya 1980 kanda ziliweza kunakiliwa na yeyote, na biashara ya kufyatua santuri ikafifia. Wakati huohuo sidii, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1982, ilifungua njia ya kurejea kwa nyimbo za kale, ingawa mara nyingi zilirejea kupitia Ulaya. Mwaka 1994 lebo ya RetroAfric ya Uingereza ilitoa sidii ya nyimbo za Fundi Konde za kati ya 1947 na 1956. Kuanzia mwaka 1998 Michael Baird wa Uholanzi alichapisha mfululizo wa sidii za rekodi za Tracey. Mfululizo wa Zanzibara, chini ya Werner Graebner, ulianza Ufaransa mwaka 2005 na kurejesha, pamoja na mengine, taarabu ya Mombasa ya miaka 1965 hadi 1975. Mwaka 2007 Janet Topp Fargion alikusanya santuri za Kiswahili za miaka ya 1920 hadi 1950 kutoka katika hifadhi ya Maktaba ya Uingereza. Nairobi kwenyewe, Ketebul Music, iliyo chini ya Tabu Osusa, ilitoa mwaka 2008 kazi yake juu ya historia ya benga, ikiambatanisha sauti, filamu na kijitabu. Jina la kila mmoja wa hawa lafaa kuandikwa pale linapoandikwa jina la mhariri wa diwani.

Uhamishaji na Fonolojia: Tatizo la s na sh

Sauti katika santuri hukaa katika mifuo, yaani mitaro myembamba inayozunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati. Sindano hupita humo, ikatikisika, na mtikisiko huo ukageuzwa kuwa umeme na hatimaye namba. Maamuzi ya mhamishaji huanzia hapa. Mifuo ya santuri ya mizunguko 78 ni mipana kuliko ya vinili, na yahitaji sindano nene zaidi. Ya vinili ikitumiwa, huteleza katika sakafu ya mfuo penye vumbi na uchakavu, na mvumo huzidi maneno. Aidha, santuri nyingi za zamani hazikurekodiwa kwa mizunguko 78 kamili. Iliyorekodiwa kwa mizunguko 78 ikichezwa kwa 80, sauti yote hupanda kwa asilimia mbili na nusu hivi, chini ya nusu ya hatua ndogo kabisa ya kinanda. Ni tofauti ndogo sikioni, lakini anayeandika juu ya kimo cha sauti ya mwimbaji au mwendo wa uimbaji wake atakuwa ameandika juu ya mashine.

Tatizo lililo kubwa zaidi kwa mhakiki ni usafishaji. Santuri kuukuu huvuma na kutatarika, na programu za kompyuta huweza kuuondoa mvumo huo kwa kupunguza masafa ya juu ya sauti. Sasa, masafa hayo hayo ndiyo makao ya konsonanti za mkwaruzo. Nguvu ya sauti s hukusanyika juu zaidi ya ile ya sh, na vyombo vya kurekodia vya miaka ya 1920 na 1930 vilikuwa tayari vinashindwa kunasa sehemu kubwa ya masafa hayo. Tofauti iliyobaki katika santuri ni hafifu. Mhamishaji anaposafisha bila ya kujua lugha, au bila ya kujali, hukifuta hata hicho kidogo kilichosalia.

Katika lugha nyingine hasara hiyo ingeweza kuvumilika. Katika Kiswahili jozi kama sina na shina, suka na shuka, kosa na kosha, pasa na pasha hutofautiana kwa sauti hiyo moja tu. Ushairi wa taarabu hutegemea mafumbo, na fumbo mara nyingi hukaa katika neno moja. Ikiwa msikilizaji hawezi kujua kama mpenzi anaambiwa asuke au ashuke, basi ubeti mzima umepata maana mbili ambazo mtunzi hakuzikusudia, na mhakiki anayeshangilia utata wa picha hiyo huwa anausifu uchakavu wa sindano.

Yafaa kulinganisha hali hii na ile ya hati za Kiarabu. Mashairi ya Muyaka wa Mwinyi Haji, yaliyotungwa Mombasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, yalikusanywa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, na yakachapishwa na Hichens mwaka 1940. Hati za zamani hazikutofautisha kikamilifu baadhi ya sauti za Kiswahili: i na e, u na o ziliweza kuandikwa kwa alama moja, na konsonanti zenye unazali aghalabu zilipoteza unazali huo. Msomaji aliyeijua lugha alijaza mapengo. Aliyeinakili kwa hati za Kirumi alilazimika kuamua, na uamuzi wake ukaonekana kana kwamba ulikuwa neno la Muyaka. Hati zile hazikuona e na i. Santuri haisikii vyema s na sh. Tatizo ni moja.

Kama tatizo ni moja, basi na dawa yaweza kuwa ya aina moja. Mhariri wa Muyaka alikuwa na vina na mizani vya kumwongoza: pale hati ilipokuwa na utata mwishoni mwa kipande, kina kilimwonyesha irabu iliyotakiwa. Taarabu ya kimapokeo, kwa kuwa nayo hufuata vina na mizani, humpa mhamishaji msaada huohuo. Neno lenye utata likiangukia penye kina cha kati au cha mwisho, mistari mingine ya ubeti hutoa ushahidi. Pia kuna mashairi yaliyoishi pande zote mbili. Sehemu ya tungo za Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwandishi wa Malenga wa Mvita, iliimbwa na Juma Bhalo, na hivyo mtafiti aweza kulinganisha umbo la kuimbwa na desturi ya mtunzi katika maandishi. Lakini neno likikaa katikati ya kipande, na hakuna chapisho, kilichobaki ni santuri yenyewe. Ndiyo sababu sauti isiyosafishwa haina budi kuhifadhiwa kando ya ile iliyosafishwa, kama vile picha ya hati inavyohifadhiwa kando ya chapisho.

Pande Mbili na Umbo la Wimbo

Nadharia za fasihi simulizi zimesisitiza kwa muda mrefu kwamba matini haitenganiki na utendaji. Milman Parry, aliporekodi waimbaji wa tenzi za kishujaa huko Yugoslavia kati ya 1933 na 1935, alitumia vyombo viwili vya kurekodia kwa zamu ili mwimbaji asikatizwe na mwisho wa sahani. Alitambua kwamba ukomo wa chombo ungegeuka kuwa ukomo wa utungo. Waimbaji wa Afrika Mashariki waliorekodiwa kibiashara hawakupewa nafasi hiyo. Dakika tatu zilikuwa dakika tatu. Idadi ya beti katika santuri ya taarabu ya miaka ya 1930 haiwezi kuchukuliwa kuwa idadi ya beti zilizoimbwa katika baraza la usiku kucha.

Hata hivyo, ukomo huo haukuwa hasara tupu. Wasanii waliugeuza kuwa fani. Benga ya miaka ya 1970 ni mfano ulio wazi. Wimbo mmoja uligawanywa katika pande mbili za santuri ya mizunguko 45, zikaandikwa sehemu ya kwanza na ya pili. Upande wa kwanza aghalabu ulibeba masimulizi: kisa, sifa za mtu, lawama au maombolezo. Upande wa pili uliachia magitaa, mwendo ukapanda, na maneno yakapungua kuwa majina na vigelegele. Baina ya pande hizo mtu alilazimika kuinuka, kuinua sindano na kuigeuza sahani. Kimya hicho kilikuwa sehemu ya wimbo. Kilimpa msikilizaji nafasi ya kuyapima maneno kabla ya kucheza, na katika baa au nyumba yenye wageni kilikuwa ni wakati wa kuulizana nani ametajwa.

Katika uhamishaji, kimya hicho hupatwa na moja kati ya mambo matatu. Wengine huziunganisha pande mbili kuwa wimbo mmoja wa dakika sita, na pengo likazibwa kwa ustadi hata lisitambulike. Wengine huchagua upande mmoja tu ili nyimbo nyingi zitoshe katika sidii ya dakika 74. Na kwa kuwa wanunuzi wa Ulaya hawajui lugha, upande wa magitaa huwa na nafasi nzuri zaidi ya kuchaguliwa. Wengine huziacha pande zilivyo, kila moja na namba yake. Njia ya kwanza huunda umbo ambalo halikuwapo, na ya pili huikata nusu ya matini, ambayo kwa mhakiki wa fasihi ndiyo nusu yenye masimulizi. Ya tatu pekee ndiyo inayomwezesha msomi kuuona muundo. Mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya muundo wa benga kwa kutegemea sidii moja, bila ya kuuliza ni ipi kati ya njia hizi iliyotumika, amejenga hoja juu ya msingi asioujua.

Lebo, Jina na Haki

Kila santuri ina karatasi ya duara katikati yake. Katika nafasi hiyo ndogo huandikwa jina la wimbo, la mwimbaji, la bendi, mara nyingi la mtunzi, lugha, jina la kampuni na namba ya santuri. Katika ukingo wa ndani, karibu na lebo, huchongwa namba nyingine ambayo huweza kusaidia kupanga rekodi kwa mfuatano wa utengenezaji wake. Kwa nyimbo nyingi za Bonde la Ufa, karatasi hiyo ndiyo ushahidi pekee uliochapishwa kwamba mtunzi fulani aliwahi kuwapo. Mashairi ya magazeti yana jina na anwani ya mtunzi. Mtunzi wa wimbo wa Kikipsigis au Kijaluo uliorekodiwa Kericho ana duara la karatasi.

Wimbo unapogeuzwa kuwa faili, duara hilo haliingii lenyewe. Ni lazima mtu alisome na kuandika upya, au apige picha. Asipofanya hivyo, faili huitwa kwa namba, na mtunzi hurudi katika hali ya kutojulikana ambayo wataalamu wa kale walizoea kuihesabu kuwa sifa ya fasihi simulizi. Yaani jina lililokwisha kuandikwa hufutwa na teknolojia mpya, kisha nadharia huja kueleza kwamba tungo za Kiafrika hazina mwenyewe.

Suala hili lina upande wa kisheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki katika rekodi ya sauti hudumu miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa, ilhali haki katika utungo wenyewe hudumu miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Rekodi iliyofanywa mwaka 1970, kwa hesabu hiyo, ulinzi wake ulimalizika mwisho wa mwaka 2020. Lakini ikiwa mtunzi alifariki mwaka 2018, kama alivyofariki Joseph Kamaru, utungo utalindwa hadi mwisho wa mwaka 2068. Mhamishaji anayeona kwamba santuri ni kuukuu, akadhani kwamba kila kilichomo kimekuwa huru, huchanganya chombo na matini. Kosa la kisheria na kosa la kihakiki hapa lina mzizi mmoja.

Mfano wa Kamaru una funzo jingine. Mjukuu wake, mwenye jina hilo hilo la Joseph Kamaru na anayejulikana kwa jina la kisanii la KMRU, ambaye naye ni msanii wa sauti, amekuwa akizirejesha rekodi za babu yake katika umbo la kidijitali na kuzitoa kwa umma. Katika mapokeo ya Waswahili, miswada ilihifadhiwa katika nyumba za ukoo, na mrithi ndiye aliyejua neno lililofifia lilikuwa lipi. Mjukuu anayeihamisha santuri ya babu yake anashika nafasi ya mrithi huyo. Ujuzi wake wa lugha, wa watu waliotajwa na wa mambo yaliyoimbwa ni chombo cha uhariri kisichoweza kununuliwa pamoja na kompyuta.

Chemirocha na Mamlaka ya Maelezo

Ni wakati wa kurejea Kapkatet. Rekodi za Tracey zilisambazwa pamoja na maelezo mafupi ya Kiingereza. Maelezo hayo ndiyo yaliyoueleza ulimwengu kwamba Chemirocha ni Jimmie Rodgers, na kwamba ni kiumbe mwenye nusu ya mwili wa mnyama. Wimbo ulipohamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine, maelezo yalihamishwa nao, na yakazoeleka kiasi kwamba wasikilizaji wengi wa ng'ambo huyajua maelezo kuliko wanavyoyajua maneno yaliyoimbwa. Ufafanuzi wa mkusanyaji umekuwa matini, na matini imekuwa kielelezo cha ufafanuzi.

Hapa hapana haja ya kumlaumu Tracey, ambaye bila ya kazi yake wimbo huo usingesikika leo. Jambo la kusisitizwa ni kwamba urejeshaji wa sauti Kapkatet uliwezesha kitu ambacho uhifadhi peke yake haukuweza: wenye lugha walipata nafasi ya kusikiliza na kusema. Msichana aliyeimba mwaka 1950 akiwa bibi mzee ana mamlaka juu ya neno lililofifia katika mifuo ambayo hakuna mashine inayoweza kudai. Lakini mamlaka hayo yana muda wake. Uhamishaji wa faili waweza kusubiri mwaka mmoja zaidi iwapo sahani imehifadhiwa vizuri, mahali pakavu, ikiwa imesimama wima. Usikilizaji wa pamoja na walioimba hauwezi kusubiri.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba uhamishaji wa santuri ni sehemu ya historia ya uhariri wa matini za Kiswahili na za lugha jirani zake, na kwamba maamuzi yanayoonekana kuwa ya kiufundi, kama vile unene wa sindano, kasi, usafishaji na mpangilio wa pande, yana matokeo katika fonolojia, umbo, maana na umiliki wa utungo. Kutokana na mjadala huo, mambo manne yanapendekezwa kwa idara za fasihi zinazokusanya sauti. Kwanza, faili kuu isiyosafishwa ihifadhiwe. Wahifadhi wa sauti wa kimataifa hupendekeza kiwango kilicho juu ya kile cha sidii. Upande mmoja wa dakika tatu kwa kiwango cha biti 24 na kilohezi 96 huchukua takriban megabaiti 104 tu, gharama ambayo leo si kisingizio tena. Nakala zilizosafishwa au kubanwa ziwe za kusikilizia na kufundishia, na ziitwe hivyo. Pili, lebo za pande zote mbili zipigwe picha, na namba zote zinakiliwe. Tatu, maneno yaandikwe na mjuzi wa lugha, na penye shaka iandikwe shaka: pawepo sina na shina, na sababu ya kuchagua moja. Nne, santuri yenyewe isitupwe. Sidii za kuandikiwa nyumbani hutegemea rangi za kikemikali ambazo hufifia, na diski za kompyuta huharibika ghafla. Vinili iliyotunzwa imekwisha kuthibitisha kwamba yaweza kudumu miongo mingi.

Pendekezo la mwisho ni la mahali. Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2021, na vitongoji vya Njoro, Molo na Kuresoi, vimewahi kushuhudia nyumba zikichomwa, mwaka 1992 na tena baada ya uchaguzi wa Disemba 2007. Katika hesabu za hasara za namna hiyo huorodheshwa ng'ombe, magunia ya mahindi, mabati na vyombo. Sanduku la santuri chini ya kitanda haliorodheshwi. Hata hivyo, katika sanduku kama hilo huenda benga ya Kijaluo ililala juu ya wimbo wa Kikipsigis, nao ukalalia wimbo wa Kikikuyu na wa Kiswahili, kwa sababu tu mwenye nyumba aliwahi kuzipenda zote. Mkusanyiko wa namna hiyo ni matini inayotoa ushahidi juu ya jinsi watu wa Bonde la Ufa walivyosikilizana. Mhamishaji akiingia nyumba kama hiyo na kuchagua nyimbo za lugha moja tu, ataokoa nyimbo na kuupoteza ushahidi huo. Basi na aanze kwa kuandika orodha ya sanduku zima, kwa mpangilio alioukuta, kabla ya kuigusa sahani ya kwanza.